Jina na Mahali: Kumtambua Xanthopan, Nondo wa Ulimi Mrefu



Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu namna ya kumtambua nondo wa nchi za joto na namna ya kujua mipaka ya makazi yake. Nondo ni wengi mno kuzungumzwa wote katika mhadhara mmoja, kwa hiyo nimemchagua mmoja: Xanthopan morganii, nondo mkubwa wa Afrika bara, mwenye ndugu yake wa Madagaska aliyeshughulisha vichwa vya wanasayansi tangu karne ya kumi na tisa. Hoja yangu ni moja, nami naitamka mapema ili kila nitakalosema baadaye mlipime kwayo: jina la mdudu halijathibitika mpaka lifungamane na mahali alipopatikana. Anayemtaja nondo bila kutaja alikopatikana amefanya nusu ya kazi, na mara nyingine ile nusu aliyoacha ndiyo yenye jibu.

Nianze na ukoo. Nondo huyu ni wa familia ya Sphingidae, ambao nitawaita nondo mwewe kwa ajili ya mruko wao wa kasi na nguvu. Hadi sasa wataalamu wamekwisha kueleza spishi zaidi ya 1,400 za familia hii duniani, na nyingi zinaishi katika nchi za joto. Hata asiye mtaalamu anaweza kuitambua familia. Mwili ni mnene na umechongoka nyuma. Mabawa ya mbele ni marefu na membamba, ya nyuma ni madogo. Wengi huelea hewani mbele ya ua bila kutua, wakaunyoosha ulimi, yaani mrija mwembamba wa kufyonzea, mpaka ndani ya ua; wakishashiba huukunja kwa mviringo chini ya kichwa. Viwavi wao nao wana alama yao: wengi wana pembe moja juu ya mwisho wa mwili, na wakikomaa hushuka kwenye mmea wakajichimbia udongoni ili wageuke pupa.

Kuijua familia ni hatua ya kwanza tu. Kazi ngumu ni kumtenga ndugu na ndugu, maana Afrika Mashariki tunao nondo mwewe wakubwa kadhaa wa rangi za kijivu na kahawia ambao kwa haraka huonekana kama mmoja. Tuwapitie wanne.

Wa kwanza ni Agrius convolvuli. Mkulima wa viazi vitamu anamfahamu hata kama hajui jina lake la kitaalamu, kwa sababu kiwavi wake hula majani ya viazi na anaweza kuacha mashina matupu. Kiwavi huyo huweza kuwa wa kijani au wa kahawia, na wote wawili ni spishi ileile. Nondo mpevu ni wa kijivu, na tumbo lake lina alama za waridi na nyeusi pande zote mbili. Pupa wake ana kibebeo kilichopinda, mithili ya mpini wa birika, ambamo ulimi unaumbika. Ukilima udongo wa shamba la viazi ukamkuta pupa wa namna hiyo, una ushahidi mzuri mkononi hata kabla nondo hajatoka.

Wa pili ni Acherontia atropos, mwenye alama inayofanana na fuvu la mtu kifuani juu. Ulimi wake ni mfupi na mnene, kwa kuwa hategemei maua yenye mirija mirefu. Huingia mizingani kuiba asali, na akisumbuliwa hutoa mlio unaosikika wazi. Wapo wanaomwogopa kwa ajili ya alama ile, lakini hana sumu wala haumi mtu.

Wa tatu ni Coelonia fulvinotata, nondo wa kahawia mwenye madoa ya manjano ubavuni. Huyu ndiye anayeweza kuchanganywa kwa urahisi na yule ninayemzungumzia leo.

Wa nne ndiye Xanthopan morganii. Mabawa yake yaliyotandazwa yanazidi sentimita 10 kutoka ncha hadi ncha. Mabawa ya mbele yana michoro ya kijivu, kahawia na nyeusi inayomficha anapotua kwenye gome la mti. Bawa la nyuma lina manjano karibu na shina lake, na weusi wa kahawia kuelekea ukingoni. Ubavuni mwa tumbo nako kuna madoa ya manjano. Kisha ule ulimi: mrefu kuliko mwili wote, tena kwa mbali.

Sasa sikilizeni kwa makini, hasa ninyi wanafunzi, kwa sababu makosa mengi ya utambuzi huanzia hapa. Rangi peke yake haitoshi. Mabawa ya nondo yamefunikwa na magamba madogo sana yanayopukutika kadiri anavyoruka, na nondo aliyeishi siku nyingi huwa amepauka. Mwanga wa taa hubadilisha rangi, na picha ya simu huibadilisha zaidi. Kwa hiyo rangi ituongoze katika kukisia, halafu tutafute ushahidi wa kuthibitisha. Ushahidi huo ni wa aina nne: vipimo vya mwili, viungo vya uzazi vinavyochunguzwa kwa hadubini, DNA, na mahali pamoja na mmea. Kisa cha Xanthopan kinaonyesha jinsi aina hizo zote zinavyohitajiana.

Mwaka 1856 Francis Walker, aliyekuwa akiorodhesha wadudu wa Makumbusho ya Uingereza mjini London, alimweleza nondo wa Afrika akampa jina la Macrosila morganii; ndiye huyuhuyu tunayemwita leo Xanthopan morganii. Miaka sita baadaye, mwezi wa Januari 1862, Charles Darwin alipokea maua ya okidi kutoka kwa James Bateman, mkuzaji mashuhuri wa okidi. Kati yake lilikuwamo ua la Angraecum sesquipedale, okidi nyeupe ya Madagaska. Nyuma ya ua hilo unaning'inia mrija wenye urefu wa karibu sentimita 29, na mbochi, yaani maji matamu ya ua, unakaa chini kabisa. Darwin alijiuliza ni mdudu gani awezaye kuufikia mbochi ule. Katika kitabu chake cha okidi kilichotoka mwaka huohuo aliandika kwamba Madagaska lazima kuna nondo mwenye ulimi unaoweza kunyooka kufikia inchi 10 au 11, yaani sentimita 25 hadi 28. Wapo wanasayansi wa wadudu waliolidhihaki wazo hilo.

Mwaka 1867 mwanasayansi Alfred Russel Wallace alifanya jambo ambalo kila mtambuzi wa wadudu anapaswa kulifanya: alipima. Alikwenda kwenye hazina ya makumbusho, akapima ndimi za nondo waliohifadhiwa. Nondo mmoja wa Amerika Kusini alikuwa na ulimi wa inchi 9 na robo. Macrosila morganii wa Afrika alikuwa na ulimi wa inchi 7 na nusu, karibu sentimita 19. Wallace akasema kwamba nondo mwenye ulimi unaozidi hizo kwa inchi mbili tatu angeweza kuufikia mbochi wa ua la Darwin, na kwamba wasafiri waendao Madagaska wamtafute kwa uhakika uleule waliokuwa nao wanaastronomia walipoitafuta sayari ya Neptuni.

Angalieni Wallace alivyofikiri. Alikuwa na mnyama wa bara mkononi, ua la kisiwani mbele yake, na rula. Kutokana na hivyo vitatu alitaja umbo la mdudu ambaye hakuna mtaalamu aliyekuwa amemweleza, na akataja mahali pa kumtafuta.

Mwaka 1903 Walter Rothschild na Karl Jordan, waliofanya kazi katika makumbusho ya Tring nchini Uingereza, walichapisha kitabu kikubwa kilichopitia familia nzima ya nondo mwewe. Humo walimweleza nondo wa Madagaska. Darwin alikuwa amekwisha kufariki miaka 21 kabla. Rothschild na Jordan hawakumwita spishi ya pekee. Walimhesabu kuwa nususpishi ya yule wa bara, wakamwita Xanthopan morganii praedicta, jina linalokumbusha kwamba alitabiriwa kabla ya kujulikana. Waliona kwamba anatofautiana na wa bara, lakini walizihukumu tofauti hizo kuwa za ndani ya spishi moja. Mwaka 1992 mtafiti wa Ujerumani Lutz Wasserthal alifanikiwa kumpiga picha nondo huyo akinywa kwenye ua lile, baada ya kuwaweka nondo na okidi pamoja ndani ya hema. Utabiri ulikuwa umepata ushahidi wa macho.

Hukumu ya 1903 ilidumu miaka 118. Mwaka 2021 kundi la watafiti, miongoni mwao Joël Minet, David Lees na Rodolphe Rougerie, liliweka nondo wa bara na wa kisiwani kando kwa kando na kulinganisha kila kitu. Ulimi wa nondo wa Madagaska ulionekana kuwa mrefu zaidi kwa wastani wa sentimita 6.6, na sampuli moja ilikuwa na ulimi wa sentimita 28.5, ulimi mrefu kuliko wote uliowahi kupimwa kwa mdudu yeyote. Upande wa chini wa mwili wa nondo wa kisiwani una rangi ya waridi, ilhali wa bara ni weupe au manjano hafifu. DNA nayo ilitofautiana kwa hadi asilimia 7.8 katika kipande kinachotumiwa kulinganisha spishi. Hizo ni tofauti kubwa. Watafiti wakaamua kwamba hawa ni wawili: Xanthopan praedicta wa Madagaska, na Xanthopan morganii wa bara.

Kipande hicho cha DNA kinatoka katika jeni iitwayo COI, na mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake nchini Kanada walipendekeza kitumike kuwatambulisha wanyama. Leo mguu mmoja wa nondo mkavu unaweza kutosha kuisoma. Ni chombo chenye nguvu, lakini hakifanyi kazi peke yake. Mashine itakupa mfuatano wa herufi. Ili ujue maana yake lazima uwe na sampuli nyingine za kulinganisha nazo, na kila moja iwe na lebo inayosema ilitoka wapi. Kama lebo za makumbusho zisingetofautisha Madagaska na bara, tofauti ile ingeonekana kuwa fujo isiyo na maelezo. Karatasi ndogo iliyochomekwa kwenye pini chini ya nondo ndiyo iliyozipa herufi zile maana.

Ndugu zangu, uamuzi wa 2021 unatuhusu sisi wa bara kuliko tunavyodhani. Vitabu vingi vilimsimulia nondo wa Darwin kana kwamba ni mmoja tu, na wa kwetu akatajwa kama kivuli cha yule wa Madagaska. Sasa wa kwetu anasimama kwa miguu yake. Mkondo wa Msumbiji, wenye upana wa takriban kilomita 400 pale ulipo mwembamba, umekuwa mpaka wa spishi. Yeyote atakayempata Xanthopan Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo anatakiwa amwite morganii, na asimbebeshe sifa za ulimi wa sentimita 28 zilizo za ndugu yake. Hapo mahali pamebadilisha jina.

Je, morganii anaishi wapi? Anajulikana kutoka Afrika Magharibi, kupitia Kongo na Uganda, hadi Kenya, Tanzania, Malawi na Zimbabwe. Lakini orodha ya nchi si ramani ya makazi. Nchi ni kubwa, na nondo haishi katika kila pembe yake. Ili kuchora ramani ya kweli tunahitaji mambo matatu.

La kwanza ni mmea wa kiwavi. Viwavi wa Xanthopan hula mimea ya familia ya mstafeli, hasa Annona senegalensis, ambao huku kwetu huitwa mtopetope mwitu, pamoja na jamaa zake wa msituni kama Uvaria na Xylopia. Mahali pasipo na mimea hii hapawezi kumlea, hata kama nondo mpevu amewahi kuonekana hapo. Misitu yetu ya pwani na ya milima ya mashariki ina mimea mingi ya familia hii, kwa hiyo ndiyo mahali pa kuanzia kutafuta viwavi.

La pili ni kutenganisha mkazi na msafiri. Nondo mwewe ni wasafiri hodari. Agrius convolvuli hufika hata kaskazini ya Ulaya wakati wa kiangazi cha huko, lakini baridi hairuhusu kizazi chake kudumu. Daphnis nerii, yule wa kijani mwenye michirizi ya waridi na nyeupe, ni mwenyeji wa Afrika na Asia ya kusini. Huko Hawaii alifikishwa mwaka 1974 na anaishi hadi leo. Nukta tatu kwenye ramani zinaweza kumaanisha mambo matatu tofauti: hapa anazaliwa, hapa anapita, hapa aliletwa. Ni kiwavi au yai, lililopatikana juu ya mmea wa mahali hapo, linaloweza kuthibitisha kwamba anazaliwa hapo.

La tatu ni tarehe. Nondo wengi huonekana baada ya mvua na kutoweka kiangazi. Anayetafuta Agosti akakosa, akaandika kwamba hawapo, amesema juu ya Agosti tu.

Tunao msingi mzuri wa kuanzia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 R. H. Carcasson, aliyekuwa katika makumbusho ya Nairobi, alichapisha orodha ya nondo mwewe wa Afrika pamoja na maelezo ya spishi za Afrika Mashariki, katika jarida lililochapishwa hukuhuku kwetu. Ian Kitching na Jean-Marie Cadiou walitoa orodha ya dunia nzima mwaka 2000. Vitabu hivyo vinatuambia nini kilikuwa kimejulikana wakati ule. Kujaza mapengo ni kazi ya watu wanaoishi hapa mwaka mzima, mvua na kiangazi.

Kuna atakayeuliza: faida yake nini? Swali hilo ni halali, hasa kwa mkulima anayewaona viwavi wa nondo mwewe kuwa maadui wa viazi. Nijibu kwa tafiti mbili zilizofanyika Kenya. Dino Martins na Steven Johnson walichunguza okidi za mwituni, zikiwamo za jenasi ya Aerangis na Rangaeris amaniensis, okidi inayobeba jina la Amani iliyoko Usambara. Waliwakuta nondo mwewe, hasa Agrius convolvuli, ndio wanaozichavusha. Waligundua pia kwamba mbochi ndani ya mrija haulingani: juu ni mwepesi, na sukari huongezeka kadiri unavyoshuka chini. Mwenye ulimi mrefu ndiye anayepata utamu wote, naye anaposukuma kichwa chake hadi mlangoni mwa ua hubandikwa chavua ya kuipeleka ua jingine.

Utafiti wao mwingine uligusa chakula chetu. Mipapai mingi huwa ya kiume au ya kike, hivyo chavua lazima ibebwe kutoka mti hadi mti. Katika Bonde la Kerio wabebaji muhimu ni nondo mwewe, wanaofanya kazi hiyo jioni giza linapoingia. Martins na Johnson walionyesha kwamba umbali wa shamba kutoka porini, na hali ya pori lenyewe, vinaathiri uchavushaji wa mapapai. Mwenye shamba aliyefyeka kichaka chote kilichomzunguka amewafukuza vibarua wasiomdai ujira. Na mdudu yuleyule ambaye kiwavi wake anaharibu viazi vyako ndiye anayeweza kuwa anachavusha mapapai ya jirani. Ndiyo maana nasema tusimhukumu kabla ya kumjua jina, chakula na makazi.

Kwa hiyo naomba mambo machache ya kutendeka. Ukimpata nondo mwewe, mpige picha juu na chini, rula ikiwa kando yake. Andika kijiji, wilaya, mwinuko kama unajulikana, tarehe na saa. Kama ameletwa na taa, sema hivyo, maana taa huvuta nondo kutoka mbali na mmea wake. Ukimkuta kiwavi, andika jina la mmea anaokula, hata kama ni jina la kienyeji tu, na uhifadhi tawi lake. Ukiweza, mlee: mpe majani ya mmea uleule kila siku, umwekee udongo laini wa kujichimbia, umsubiri. Kiwavi aliyelelewa mpaka akawa nondo anaunganisha jina, mmea na mahali kwa mara moja. Wala usikusanye ndani ya hifadhi bila kibali.

Msiniambie kwamba hii ni kazi ya maprofesa. Kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, tangu 1993, wanakijiji wa mradi wa Kipepeo wamekuwa wakilea viwavi na kuuza pupa za vipepeo, na huko Amani, Usambara ya Mashariki, wanakijiji nao wamefanya vivyo hivyo. Watu hao wanajua kiwavi gani anakula mmea gani, na maarifa yao yamewapa kipato. Maarifa kama hayo juu ya nondo mwewe yanaweza kukusanywa na wanafunzi wa shule yoyote iliyo karibu na kichaka.

Nawaomba walimu mliopo hapa mfungue daftari moja la nondo katika kila shule, na mlikabidhi kwa darasa linalofuata kila mwaka. Nawaomba wakulima mwache ukanda wa kichaka pembeni ya mashamba ya mipapai. Na ninyi wanafunzi, mkimwona mdudu, msitosheke na kumtaja. Andikeni mahali. Xanthopan alihesabiwa kuwa mmoja kwa miaka 118, na waliomtenga wakawa wawili walitegemea lebo zilizoandikwa kwa uangalifu na watu waliowatangulia. Lebo za kizazi kijacho ni juu yetu kuziandika.